Uzi: Jiografia ya miaka miwili ya mwisho sekondari, watu wanakwama wapi?

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Nimekaa miaka mingi na wanafunzi wa Jiografia wa madarasa ya mwisho, nikifundisha na kusahihisha, na kila msimu wa mitihani nakutana na kosa lilelile. Leo nimeamua nilimwage hapa. Uzi ni mrefu. Mwenye swali aulize katikati, sitakasirika.

Kosa lenyewe ni hili. Mwanafunzi anaulizwa: "Eleza sababu za kuwepo kwa jangwa la Atacama." Anaandika: mkondo baridi wa bahari, milima ya Andes, mgandamizo mkubwa wa hewa. Hoja tatu, hakuna hata moja ya uongo. Anapata alama tatu kati ya kumi na mbili, halafu anakuja kwangu na uso wa mtu aliyeibiwa. "Si nimezitaja zote?" Umezitaja, ndiyo. Hukueleza hata moja.

Hebu tuufuate huo mkondo baridi taratibu. Maji ya mkondo wa Humboldt yanatoka kusini kwenye baridi, yanapanda kando ya pwani ya Chile na Peru. Hewa iliyo juu ya maji hayo inapoa kuanzia chini. Hewa ya baridi ni nzito, inalala palepale, na juu yake kuna hewa yenye joto zaidi iliyokaa kama mfuniko. Mvua inataka hewa ipande, ipoe, mvuke ugeuke matone. Hapa hewa haipandi. Unyevu upo, tena mwingi, ila unaishia kuwa ukungu unaotambaa pwani. Ongeza kwamba eneo lenyewe liko kwenye latitudo ambako hewa iliyopanda ikweta inarudi kushuka (ndio ule mgandamizo mkubwa), na hewa inayoshuka hupata joto na kukauka. Halafu upande wa mashariki Andes imesimama: pepo zenye unyevu kutoka upande wa Amazon zinamwaga maji yake hukohuko kabla hazijavuka. Hoja ni zilezile tatu za yule mwanafunzi, ila sasa kila moja inaonyesha jinsi inavyoizuia mvua.

Ukishaushika mnyororo huo, jangwa la Namib unalipata bure. Ondoa Humboldt, weka Benguela, mkondo baridi wa pwani ya kusini-magharibi mwa Afrika. Na ukiulizwa kwa nini pwani ya mashariki ya Madagaska inapata mvua nyingi wakati latitudo hazipishani sana, hutapapasa: huko pepo zinatoka Bahari ya Hindi yenye joto, zinakutana na nyanda za juu na kulazimika kupanda.

Mfano wa pili, maziwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, lakini penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Tanganyika halifiki nusu ya eneo hilo, na kina chake kinakwenda hadi takriban mita 1,470. Mtu wa kukremu anaona tarakimu nne za kubeba kichwani. Mtu wa Jiografia anauliza: kwa nini hapa pafupi na pale parefu? Tanganyika limekaa ndani ya Bonde la Ufa lenyewe, ambako ardhi imedidimia katikati ya nyufa. Victoria limekaa kwenye bonde pana la juujuu, katikati ya mikono miwili ya ufa; kingo zilipoinuka, mito iliyokuwa ikielekea magharibi ikazuiwa na mingine kugeuzwa, maji yakajikusanya. Ni sinia na mtungi. Ukilijua hilo, tarakimu zinakaa zenyewe.

Nitaendelea.

#2 Mchangiaji

Naweka kambi hapa. Shikamoo mwalimu. Mimi niko mwaka wa mwisho, shida yangu kubwa ni ramani. Nadharia naweza, lakini nikifunguliwa ile karatasi yenye mistari ya kahawia nakosa hewa. Naomba uanzie huko.

#3 Mleta uzi

Marahaba dogo. Ramani ndiyo sehemu pekee ya pepa ambayo jibu lote limewekwa mbele yako mezani, na bado ndiyo inayoogopwa. Sababu ni moja: watu wanaisoma kwa macho. Ramani husomwa kwa rula, uzi na penseli.

Anza na skeli. Ramani ya 1:50,000 maana yake sentimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, yaani nusu kilomita. Hadi hapo kila mtu yuko salama. Swali la eneo ndilo linaloua. Sentimita 1 ya mraba ni kilomita ngapi za mraba? Darasa zima litajibu 0.5. Hapana! Ni 0.5 mara 0.5, yaani 0.25. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi niliipa ziwa moja ukubwa mara mbili ya ukubwa wake, na hesabu zangu zote zilizofuata zikazama ndani ya ziwa hilo.

Gredienti, yaani ukali wa mteremko: tofauti ya kimo gawanya kwa umbali, na vyote viwe kwenye kipimo kimoja. Kilele kiko mita 1,400, daraja liko mita 1,200, kwenye ramani wametengana sentimita 8. Tofauti ni mita 200, umbali ni mita 4,000, jibu ni 1 kwa 20: kila mita 20 unazotembea, unapanda 1. Wengi hugawanya mita 200 kwa kilomita 4 wanapata 50, wanaandika "1 kwa 50" na kuendelea na maisha.

Mchoro wa mkato, yaani ardhi inavyoonekana kwa ubavuni kama imekatwa, nao una mtego. Ukichora vimo kwa sentimita 1 kuwakilisha mita 100, skeli ya wima ni 1:10,000, na ile ya mlalo bado ni 1:50,000. Gawanya: kimo kimekuzwa mara 5. Kwa hiyo kilima kinachoonekana kwenye mchoro wako kama jino la mamba, ukienda kukipanda ni mteremko wa kawaida. Swali la "je, mteremko huu ni mkali?" usilijibu kwa kuutazama mchoro.

Kontua (ile mistari ya kahawia inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja) zenye umbo la V: ncha ikielekea kwenye ardhi ya juu, hilo ni bonde, na mto ukiwepo unapita humo. Ncha ikielekea chini, huo ni mgongo wa mlima. Ukichanganya hapo utaandika kwamba mto unapanda kilima.

Na jambo la mwisho kwenye ramani, hili ni la tabia zaidi kuliko hesabu: kila unachodai, onyesha ushahidi wake. "Wakazi wa eneo hili ni wakulima" ni dai. "Kuna kilimo, kwa sababu kaskazini-magharibi pameonyeshwa mashamba ya katani na kiwanda cha kuichakata" ni jibu. Ramani ikinyamaza, nawe nyamaza.

#4 Mchangiaji

Mwalimu nakuheshimu, lakini nitapinga kidogo. Ndani ya chumba cha mtihani hakuna muda wa kusimulia hewa ilivyolala juu ya maji. Sisi tulikremu, tulipiga msuli usiku na mchana, tukafaulu. Mbona unawatisha watoto?

#5 Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ina uzito na siikwepi. Yako mambo hayaelezeki, yanakaririwa tu: majina ya tabaka za angahewa, mpangilio wa mikondo, miaka ya matukio, maana za istilahi. Asiyekariri hayo hana matofali. Nami nakiri niliwahi kufundisha darasa zima kwa maelezo matupu bila kuwadai istilahi, wakaingia kwenye mtihani wanaelewa kila kitu na hawana jina la kitu chochote. Lilikuwa kosa langu.

Ila tazama swali la aina hii, ambalo kwa madarasa ya mwisho haliepukiki: "Ukubwa wa tetemeko ndio unaoamua ukubwa wa maafa. Jadili." Desa lako, yaani zile notisi za kukariri, lina ukurasa wa sababu za matetemeko na ukurasa wa athari zake. Utaandika kurasa zote mbili, na hutakuwa umegusa swali.

Chukua mwaka mmoja tu, 2010. Januari 12, Haiti, ukubwa 7.0. Februari 27, Chile, ukubwa 8.8. Kwa nishati, lile la Chile lilikuwa kubwa takriban mara 500, maana kila namba moja ya kipimo inaongeza nishati kama mara 32. Chile walikufa watu zaidi ya 500. Haiti, makadirio yanatofautiana sana, lakini mengi yanazidi 100,000. Sasa jadili! La Haiti lilitokea karibu na uso wa dunia, kilomita kama 25 kutoka mji mkuu, mji uliosongamana nyumba za zege zisizo na nondo za kutosha. La Chile lilitokea baharini, na nchi hiyo ilishapigwa mwaka 1960 na tetemeko la 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, ikajenga kwa kanuni kali. Kwa hiyo ukubwa una nafasi yake, umbali na kina vina nafasi yake, na ukali wa sheria za ujenzi una nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtihani wa namna hii unakupima kama unaweza kuweka vitu kwenye mizani. Kukremu kutakuletea vitu vya kupima, ila mzani huna.

#6 Mchangiaji

Hapo kwenye mizani umenimaliza. Vipi zile nadharia za wazee? Malthus, Von Thünen, Davis... mimi naona kama historia ya watu waliokosea.

#7 Mleta uzi

Umechekesha, na hujakosea sana. Lakini kukosea kwao ndiko kunakozaa alama. Kila nadharia ishike kwa vitu vitatu: aliiandika lini, alikuwa anatazama mahali gani, na inavunjika wapi.

Von Thünen, 1826. Alikuwa anaendesha shamba kaskazini mwa Ujerumani. Alichora matumizi ya ardhi kama maduara yanayouzunguka mji, na msitu wa kuni akauweka kwenye duara la pili kutoka mjini, karibu kabisa, na wanafunzi huwa wanacheka: nani anapanda msitu karibu na mji? Acheni kucheka, fikirini mwaka. Hakuna reli, mzigo unavutwa na farasi, na kila nyumba inapika na kuota moto kwa kuni. Kuni ni nzito na bei yake ni ndogo, ukizitoa mbali usafiri unameza faida yote. Maziwa nayo yanaharibika upesi, yakae duara la kwanza. Hoja yake ni gharama ya usafiri. Leta reli, lori na jokofu, maduara yanatawanyika, lakini hoja ya gharama inabaki hai.

Malthus, 1798, aliona watu wakiongezeka kwa kuzidishana na chakula kikiongezeka kwa kujumlishwa. Ester Boserup mwaka 1965 akaigeuza: watu wakisongamana ndipo wanapobuni njia za kuvuna zaidi kwenye ardhi ileile. Usiandike "Malthus alikosea, Boserup alipatia". Tafuta mahali ambapo mmoja anaeleza vizuri na mwingine anashindwa. Bahari ya Aral huko Asia ya Kati, kwa mfano: mwaka 1960 ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, maji ya mito yake, Amu Darya na Syr Darya, yakaelekezwa kwenye mashamba ya pamba, ikakauka sehemu kubwa. Hapo ubunifu wa umwagiliaji uliongeza mavuno na papo hapo ukaua uvuvi. Nani kati yao ameshinda? Ukiandika aya moja ya kweli juu ya swali hilo, msahihishaji ataamka kitini.

Davis na mzunguko wake wa mmomonyoko, ujana hadi uzee wa ardhi: sina hamu nao, jifunzeni michoro, mjue kwamba alichukulia ardhi inainuka haraka kisha inatulia, na dunia haina utulivu huo. Basi.

Anayenigusa mimi ni Wegener. Mtaalamu wa hali ya hewa, mwaka 1912 anasema mabara yanatembea. Ushahidi alikuwa nao: pwani zinazooana, visukuku vya wanyama walewale pande mbili za Atlantiki, miamba inayoendelea ng'ambo. Wakamkataa kwa nusu karne, kwa sababu hakuweza kusema ni nini kinachoyasukuma. Akafa Greenland mwaka 1930. Mpaka miaka ya 1960, sakafu ya bahari ilipopimwa na kuonekana inazaliwa kwenye migongo ya milima iliyo katikati ya bahari, ndipo wakamrudia. Yule mwanafunzi wangu wa Atacama yupo kwenye meli hiyohiyo: hoja anazo, nguvu inayosukuma haijaandikwa.

#8 Mchangiaji

Mwalimu, tumepewa utafiti wa uwandani na mada tumeambiwa tuchague wenyewe. Nimechagua "Uharibifu wa mazingira". Nianzie wapi?

#9 Mleta uzi

Anzia kwenye kuibadilisha. Hiyo si mada, hiyo ni bahari. Utafiti wa mwanafunzi unatakiwa uweze kukamilika kwa siku chache, kwa utepe wa kupimia, saa na daftari. Tafuta swali lenye jibu linaloweza kukugeuka.

Nikupe kisa. Kundi moja nililolisimamia lilikwenda kupima kasi ya mto, vituo vitatu: juu karibu na chanzo, katikati, na chini tambarare. Dhana waliyoiandika: kasi itapungua kadiri tunavyoshuka, kwa sababu huko juu mteremko ni mkali na maji yanaruka kwa kelele. Wakapima kwa kuelesha kijiti mita 10, mara tano kila kituo, wakachukua wastani. Majibu yakaja kinyume. Chini ndiko maji yalikuwa na kasi zaidi. Usiku ule nikawakuta wanataka "kurekebisha" namba.

Nikawazuia, na kilichofuata ndicho kilikuwa somo bora la mwaka mzima. Kule juu maji yanapiga kelele kwa sababu yanagombana na mawe: mto ni mwembamba, una kina kidogo, na sehemu kubwa ya maji inasuguana na kitako na kingo. Nguvu inaishia kwenye msuguano. Chini, mto umepanuka na kuongezeka kina, mchanga laini umetandikwa chini, maji mengi yako katikati hayagusi kitu. Yanaonekana yamelala, kumbe yanakimbia. Kelele ilikuwa imewadanganya. Waliandika ripoti ya kukataa dhana yao wenyewe, na ilikuwa nzuri kuliko zote.

Kuhusu sampuli: ukisema "tulichagua nyumba bila mpangilio" maana yake ulitumia namba za bahati nasibu, haimaanishi ulipita unagonga milango iliyokuwa wazi. Na ukifanya uwiano wa Spearman ukapata 0.8, umeonyesha mambo mawili yanapanda pamoja. Hujaonyesha moja linasababisha jingine. Kazi ya kueleza bado inakusubiri palepale.

#10 Mchangiaji

Swali la uchumi wakuu: hii Jiografia inalipa?

#11 Mleta uzi

Upimaji ardhi, mipango miji, hali ya hewa, maji, bima, ramani za kompyuta. Hiyo ya mwisho anza sasa, usisubiri chuo: programu ya QGIS ni ya bure, na picha za setilaiti za Landsat, ambazo zimepigwa tangu 1972, ni za bure tangu 2008. Pakua picha mbili za Aral za miaka tofauti uziweke kando kwa kando. Nina wanafunzi ambao desa halikuwashtua ila picha hizo ziliwashtua.

Sasa nami niwape swali kabla sijalala. Mwanzoni mwa Januari dunia iko karibu zaidi na jua, kama kilomita milioni 147. Mwanzoni mwa Julai iko kama milioni 152. Kwa nini basi Januari ndiyo baridi kali kaskazini mwa dunia? Alama nne.

#12 Mchangiaji (yule wa #2)

Ni kwa sababu ya kuinama kwa mhimili wa dunia, nyuzi 23.5.

#13 Mleta uzi

Alama moja. Umetaja, hujaeleza. Kuinama kunafanyaje hewa iwe baridi?

#14 Mchangiaji (yule wa #2)

Sawa, ngoja nirudie. Mhimili umeinama nyuzi 23.5, na Januari nusu ya kaskazini imeinamia upande wa mbali na jua. Kwa hiyo jua huko linaonekana chini angani hata saa sita mchana. Miale inafika kwa mlalo, joto lilelile linatawanywa kwenye eneo kubwa zaidi la ardhi, tena linapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kufika. Mchana ni mfupi, usiku ni mrefu, kwa hiyo ardhi inapoteza joto kwa saa nyingi kuliko inavyopokea. Na umbali haubadilishi mambo sana kwa sababu tofauti ya milioni 5 kati ya 152 ni kama asilimia 3 tu.

#15 Mleta uzi

Nne kwa nne, dogo. Sasa la nyongeza: Januari hiyohiyo ni kiangazi kusini, na jua liko karibu zaidi. Kwa nini kiangazi cha kusini, kwa wastani, hakiwi na joto kushinda kile cha kaskazini cha Julai?

#16 Mchangiaji (yule wa #2)

Bahari. Kusini kuna bahari nyingi kuliko nchi kavu. Nipe dakika tano, naandika mnyororo wote.